Kupandikiza nywele: faida zake na hatari zake



Katika toleo hili tunajibu barua ya familia moja ya Raskazone. Binti yao mwenye umri wa miaka 27 amepotewa na nywele za mbele na za pembeni, juu ya masikio, kiasi cha upana wa vidole vitatu. Siku hizi hatoki nyumbani bila kilemba, hata katika joto la mwezi wa Februari. Kaka yake anayefanya kazi Maskati amesikia kwamba huko Istanbul, Uturuki, madaktari wanapandikiza nywele, naye amejitolea kulipa nusu ya gharama. Nusu nyingine ingepatikana kwa kuuza kiwanja cha familia kilichoko Pongwe. Baba anauliza kama jambo hili ni la kweli au ni utapeli. Na kama ni la kweli, lina madhara gani?

Tunaishukuru familia hii kwa kuuliza kabla ya kuuza. Jambo lenyewe ni la kweli. Lakini ni upasuaji, na upasuaji huo hauwafai watu wote.

Wapo watakaosema kwamba nywele si ugonjwa, na kwamba ukurasa huu ungezungumzia malaria. Malaria tutaizungumzia tena. Lakini binti anayekataa kwenda harusini, au kijana asiyethubutu kuvua kofia mbele ya wenzake, ana maumivu yake, hata kama hayapimwi kwa kipimajoto. Kumcheka hakumsaidii. Wala kumwambia mwanamume kwamba kipara ni dalili ya fedha si mzaha mwema kila mahali: mwaka 2017 polisi wa Msumbiji walilazimika kuwatahadharisha wanaume wenye vipara katika jimbo la Zambezia, baada ya baadhi yao kuuawa na watu walioamini kwamba vichwa vya namna hiyo vina dhahabu.

UNYWELE UNAVYOOTA

Kichwa cha mtu mzima kina nywele zipatazo 100,000, ingawa sisi Waafrika kwa wastani tunazo pungufu kidogo. Kila unywele hutoka katika mzizi uliomo ndani ya ngozi, kama mche katika kishimo chake. Mzizi huo hufanya kazi kwa zamu. Huotesha unywele kwa muda wa miaka 2 hadi 6, kisha hupumzika kwa miezi michache, unywele hudondoka na mwingine huanza kuota. Ndiyo maana kukuta nywele 50 hadi 100 kwenye kitana kwa siku moja si jambo la kutisha.

Yafaa tushike neno moja hapa, kwa kuwa ndilo msingi wa yote yanayofuata. Unywele ukikatika au ukidondoka na mzizi ukabaki mzima, utaota tena. Mzizi ukifa na mahali pake pakawa kovu, hakuna mafuta, wala maji ya kitunguu, wala dawa ya kunywa itakayouotesha. Wanaouza chupa za mafuta ya kuotesha nywele sokoni na kwenye simu huwauzia watu wa aina zote mbili bila kuwatofautisha. Yule ambaye nywele zake zingeota zenyewe huyasifu mafuta, na yule ambaye mizizi yake imekufa hunyamaza kwa aibu.

KWANZA TUIJUE SABABU

Sababu za nywele kutoka ni nyingi, na upasuaji hufaa kwa chache tu kati ya hizo.

Iliyo maarufu ni kipara cha kawaida cha akina baba. Hiki huletwa na urithi pamoja na homoni ya kiume, ambayo hudhoofisha mizizi ya mbele na ya utosini mpaka nywele zinakuwa nyembamba kama vinyweleo vya mtoto. Mizizi ya kisogoni na ya pembeni haidhuriki na homoni hiyo, ndiyo sababu mzee mwenye kipara hubaki na nywele nyuma ya kichwa hata akifikisha miaka 90. Watu husema kipara hurithiwa kwa wajomba tu. Si hivyo, hurithiwa kwa upande wa mama na kwa upande wa baba pia. Kubeba mizigo kichwani na kuvaa kofia hakuhusiki.

Kwa akina mama na mabinti wa kwetu sababu kubwa ni mvuto. Nywele zinazosukwa kwa kukazwa, rasta ndefu zinazoning'inia kwa uzito wake, nywele za bandia zinazoshonewa juu ya mistari iliyobana, mabutu yanayofungwa kwa mpira kila asubuhi: vyote hivi huvuta mzizi siku baada ya siku. Dalili za kwanza huonekana mapema, nazo ni maumivu usiku wa kwanza baada ya kusukwa, vipele vidogo vyenye usaha kandokando ya paji la uso, na ngozi inayonyanyuka pale msuko unapoanzia. Baadaye nywele za mbele hupungua. Aghalabu hubaki mstari mwembamba wa nywele fupi mbele kabisa, pale ambapo ulikuwapo mpaka wa zamani, na daktari akiuona mstari huo huweza kuutambua ugonjwa bila kupima damu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 na madaktari wa Cape Town, Afrika Kusini, akiwamo Daktari Nonhlanhla Khumalo, ulikuta kwamba karibu mwanamke mmoja kati ya watatu waliochunguzwa alikuwa na upungufu wa nywele wa namna hii. Wengi wetu tunadhani ni jambo la nadra kwa sababu limefunikwa na kilemba, ushungi au wigi.

Mvuto ukiunganishwa na dawa ya kulainisha nywele madhara huzidi. Walio na umri wa kukumbuka kalikiti wanajua jinsi ngozi ya kichwa inavyowasha dawa ikikaa kupita kiasi. Dawa hizo zina magadi makali yanayoweza kuunguza ngozi, na nywele zilizolainishwa hazina nguvu ya kustahimili msuko wa kubana. Kusuka siku ileile ya kuweka dawa ni kosa linalofanyika katika saluni nyingi, maana mteja hataki kurudi mara mbili.

Kuna upotevu mwingine wa akina mama unaoanzia utosini na kupanuka kama sahani, ukiacha ngozi laini inayong'aa. Huu huacha kovu chini kwa chini na mara nyingine huambatana na kuwasha au kuungua. Hapa kuwahi kwa daktari wa ngozi ni jambo la lazima, kwani kazi ya dawa ni kuuzuia usiendelee.

Nyingine tunazitaja kwa haraka. Mama aliyejifungua huweza kupotewa na nywele nyingi mwezi wa tatu au wa nne, na mtu aliyetoka katika homa kali au upasuaji mkubwa vivyo hivyo. Zitarudi zenyewe, kwa kawaida katika mwaka mmoja. Upungufu wa damu na ugonjwa wa tezi ya shingo hupunguza nywele, na kaswende iliyoenea mwilini huzitoa kwa mabaka. Mabaka ya mviringo yaliyo laini kabisa, yanayotokea ghafla, huletwa na kinga ya mwili inayoshambulia mizizi; si kazi ya jini. Dawa za saratani huangusha nywele, lakini matibabu yakiisha karibu zote huota.

Na watoto? Mtoto mwenye mabaka yenye magamba na nywele zilizokatika juujuu ana mapunye mpaka ithibitike vinginevyo. Huo ni ukungu. Dawa ya kupaka peke yake haitoshi. Anahitaji vidonge, kwa mfano griseofulvini, kwa muda wa wiki 6 hadi 8, na hufanya kazi vizuri akivimeza baada ya chakula chenye mafuta. Wenzake wanaolala naye wachunguzwe, na kitana kiwe cha kila mmoja.

Kati ya hizi zote, kupandikiza nywele hufaa hasa kwa kipara cha kawaida kilichotulia, kwa madhara ya mvuto yaliyokwisha kukoma, na kwa makovu ya kuungua au ya ajali. Mabaka ya kinga ya mwili hayapandikizwi, kwa kuwa nywele mpya nazo zitashambuliwa. Upotevu wa utosini wenye kovu haupandikizwi mpaka uwe umetulia kwa mwaka mmoja au zaidi, na daktari athibitishe kwa kukata kipande kidogo cha ngozi na kukipima maabara.

UPASUAJI WENYEWE

Haukuanza jana. Daktari wa Kijapani, Shoji Okuda, aliandika mwaka 1939 jinsi alivyopandikiza vipande vidogo vya ngozi yenye nywele. Vita Kuu ya Pili ikaifunika habari hiyo. Mwaka 1952 Daktari Norman Orentreich wa New York aliwapandikizia wanaume wenye vipara, na mwaka 1959 akachapisha alichokigundua: mzizi uliochukuliwa kisogoni huendelea na tabia yake ya kisogoni hata ukihamishiwa mbele. Vipande vya siku zile vilikuwa vikubwa, na kichwa kilionekana kama shamba la mkonge lililopandwa kwa mistari. Siku hizi huhamishwa kifungu kimoja kimoja chenye unywele 1 hadi 4.

Neno la kukumbuka ni kuhamishwa. Upasuaji huu hauongezi hata unywele mmoja kichwani. Unachukua akiba ya nyuma na kuipeleka mbele, na akiba hiyo ina mwisho.

Kuna njia mbili za kuvuna. Katika ya kwanza daktari hukata ukanda wa ngozi kisogoni, hushona jeraha, na wasaidizi huugawanya ukanda huo chini ya darubini. Hubaki kovu refu la mstari, linaloonekana mtu akinyoa sana. Katika ya pili hakuna kushona. Mizizi hutolewa mmoja mmoja kwa kibomba chenye makali, chenye upana wa milimita moja hivi. Hubaki madoa madogo mengi. Matangazo husema njia hii ya pili haina kovu. Ina kovu; ni madogo tu, na ni mamia au maelfu.

Kisha mbele hutobolewa vijitundu, na kila kifungu huingizwa kwa kufuata mwelekeo wa nywele. Mgonjwa hapewi nusukaputi; hupigwa ganzi kichwani na kukaa macho. Kazi huchukua saa 6, 8, au zaidi.

Baada ya wiki 2 hadi 8 nywele nyingi zilizopandwa hudondoka. Wengi hushtuka hapa, hasa kama hawakuambiwa. Mzizi umebaki na unapumzika. Kuota huanza mwezi wa tatu au wa nne, na matokeo kamili huonekana baada ya mwaka, pengine mwaka na nusu. Kwa hiyo anayetaka kupendeza katika harusi ya Desemba na kufanyiwa upasuaji Septemba, atafika harusini akiwa na nywele chache kuliko alizokuwa nazo.

NYWELE ZA KIPILIPILI NA NGOZI YETU

Matangazo mengi yanayotufikia yanaonyesha wanaume wenye nywele zilizonyooka. Nywele zetu zimejikunja, na hazikujikunja juu ya ngozi tu: mzizi wenyewe umepinda kama ndoana chini ya ngozi. Daktari aliyezoea nywele zilizonyooka akishindilia kibomba chake moja kwa moja, huukata mzizi katikati. Unywele uliokatwa hivyo aghalabu hauoti mbele, na nyuma umekwisha kuondolewa. Hiyo ni hasara pande zote mbili. Wenye ujuzi wa nywele za Kiafrika hutumia kibomba kipana kidogo au chenye umbo la pekee, na hujaribu vifungu vichache kwanza kabla ya kuendelea.

Kwa upande mwingine, mkunjo huo una faida. Unywele uliojikunja hufunika ngozi zaidi kuliko ulionyooka, hivyo vifungu vichache huweza kujaza mahali ambapo Mzungu angehitaji vingi zaidi.

Jambo la pili ni makovu ya kuvimba. Ngozi nyeusi ina mwelekeo mkubwa zaidi wa kufanya kovu linalokua na kupita mipaka ya jeraha lenyewe. Kila mtu anaweza kuanza kujichunguza nyumbani. Tazama masikio yalipotobolewa. Tazama kovu la chanjo begani. Mama aliyejifungua kwa upasuaji atazame mshono wake. Uliza wazazi na ndugu wa tumbo moja. Penye kovu lililovimba na kukua, hapana budi kumwambia daktari kabla ya jambo lolote, na jibu la busara mara nyingi ni kuacha. Vilevile wanaume wenye vipele vigumu kisogoni, vile vinavyotokea baada ya kunyolewa chini sana kwa mashine, wasikubali kuvunwa hapo. Ni mahali palepale pa akiba, na pamekwisha kuonyesha tabia yake. Kwa mtu mwenye wasiwasi, madaktari wengine hupandikiza vifungu vichache tu na kusubiri kwa miezi kadhaa waone ngozi inasemaje.

HATARI

Waswahili husema ukitaka uzuri sharti udhurike. Swali letu ni udhurike kiasi gani.

Kwa mtu mzima mwenye afya, akiwa mikononi mwa daktari mwenye ujuzi, madhara makubwa ni nadra. Yale ya kawaida ni uvimbe wa paji la uso kwa siku kadhaa, maumivu, vigaga, kuwasha, na ganzi ya kisogoni inayoweza kudumu kwa miezi. Vipele vya usaha hutokea. Mara chache ngozi hukosa damu na kufa, hasa mahali penye kovu la zamani au vifungu vikibanwa mno, na mvutaji sigara yumo hatarini zaidi.

Hatari kubwa ni ya dawa ya ganzi. Ina kiwango chake kulingana na uzito wa mtu, na katika kazi ya saa nyingi huongezwa tena na tena. Ikizidi, mgonjwa huhisi ganzi midomoni, masikio huvuma, hutetemeka, na asipopata msaada hupata degedege na moyo huweza kusimama. Mwaka 2019 mfanyabiashara mmoja wa Mumbai, India, alifariki siku mbili hivi baada ya kupandikizwa nywele kwa kikao kirefu kupita kiasi. Madaktari walihisi alipata mzio mkali. Na hapa jirani, Nairobi, mwaka 2024 mwanamke mmoja alifariki baada ya upasuaji wa kupunguza mafuta mwilini katika kliniki ya urembo, na wasimamizi wa afya wakaifunga kliniki hiyo. Huo haukuwa upasuaji wa nywele, lakini unatukumbusha kwamba neno urembo halipunguzi makali ya kisu. Chumba kisicho na oksijeni, dripu na dawa za dharura hakifai, hata kama kuta zake zimepambwa kwa vioo.

Vyombo visivyochemshwa vyema huweza kuambukiza homa ya ini na virusi vya UKIMWI, kama ilivyo kwa wembe wa kinyozi asiye mwangalifu.

Kuna hatari nyingine isiyoua lakini inayotesa kwa miaka. Kijana wa miaka 22 ambaye kipara chake ndiyo kwanza kinaanza, akijaziwa nywele mbele, kipara kitaendelea nyuma ya zile zilizopandwa. Akifikisha miaka 40 atakuwa na kishungi mbele, uwanja mtupu katikati, na akiba ya kisogoni imekwisha. Kwa sababu hiyo madaktari waangalifu huwakataza vijana wadogo au huwaambia wasubiri. Anayekubali mteja yeyote anayeingia mlangoni si mwangalifu.

Wengi hushauriwa kutumia dawa ili kulinda nywele zilizobaki. Minoksidili ya kupaka huwasaidia baadhi ya wanaume na wanawake, lakini faida yake huisha pindi wanapoiacha, na wajawazito na wanaonyonyesha wasiitumie. Finasteridi ni ya wanaume. Huweza kupunguza hamu ya ndoa, na baadhi yao huingiwa na huzuni nzito. Mjamzito asiguse kidonge chake kilichovunjika, kwani huweza kudhuru maumbile ya mtoto wa kiume tumboni. Tena akina baba wanaoimeza wamwambie daktari wanapopimwa tezi dume, maana dawa hiyo hushusha kipimo cha damu na huweza kuificha saratani.

FAIDA

Tusiwe wa kutisha tu. Upasuaji ukifanywa kwa mtu anayefaa, nywele zinazoota ni zake mwenyewe. Hukua, hunyolewa, huoshwa, wala hazing'oki kwa upepo wa baharini kama wigi. Kwa mtoto aliyeunguzwa na uji au mafuta ya taa akakua na nusu ya kichwa kitupu, au kwa mtu aliyepasuliwa kichwa katika ajali ya pikipiki, upasuaji huu unarudisha sura yake mbele ya watu. Sisi hatuoni kwamba huo ni ubatili. Hata kwa mwenye kipara cha kawaida, kama ana afya, ana fedha zisizo za ada wala za chakula, na anajua anachokifuata, hatuna sababu ya kumzuia.

KUHUSU SAFARI YA ISTANBUL

Bei zinazotangazwa Uturuki, pamoja na hoteli, mara nyingi ni kati ya dola 2,000 na 4,000 za Marekani, na tiketi ya ndege ni juu yake. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 5, na bima ya afya kwa kawaida hailipii urembo. Huko wako madaktari wazuri sana. Wako pia wenye nyumba zinazopokea wateja kwa mkupuo, ambako daktari huonekana kwa dakika chache na kazi ya kukata hufanywa na mafundi wasio na leseni. Chama cha kimataifa cha madaktari wa upasuaji wa nywele, kilichoanzishwa mwaka 1993, kimekuwa kikiwatahadharisha watu juu ya nyumba za namna hiyo.

Yafaa kuuliza kwa maandishi kabla ya kutuma hata senti: Nani hasa atakata na nani atatoboa? Jina lake limeandikishwa wapi? Amewahi kuwapandikizia watu wangapi wenye nywele za kipilipili, na tunaweza kuona picha zao za baada ya mwaka mmoja, si za wiki ya kwanza? Ni vifungu vingapi, na kitabaki nini kisogoni? Kwa daktari anayefanya kazi hapa nchini, uandikishaji wake huulizwa katika Baraza la Madaktari Tanganyika.

Swali ambalo matangazo hayalijibu ni hili: jeraha likitoa usaha wiki ya tatu, mgonjwa akiwa amekwisha kurudi Tanga, nani atamtazama? Daktari wa hapa atampokea, lakini hajui kilichofanyika. Atakayekwenda arudi na taarifa ya upasuaji iliyoandikwa, yenye majina ya dawa alizopewa. Mwenye kisukari, shinikizo la damu au selimundu, na anayemeza aspirini au dawa za kuzuia damu isigande, aseme mapema bila kuficha.

Akirudi, alale kichwa kikiwa juu kwa siku kadhaa, asikune vigaga, asivae kofia ya pikipiki inayobana mpaka aruhusiwe, na akae mbali na jua kali. Kuogelea baharini hapo Raskazone kusubiri kwa mwezi mmoja hivi.

SASA BINTI WETU AFANYEJE?

Kutokana na maelezo ya barua, yaelekea nywele zake zimeharibiwa na mvuto, ingawa ugonjwa hauamuliwi kwa barua. Tunashauri kiwanja kisiuzwe mwaka huu. Kwanza afumue, aache kusuka kwa kubana, aache dawa na nywele za kushonea. Kilemba avae, ila kiwe kilegevu na kitambaa chake kiwe laini. Kisha aende Bombo, ambako si mbali na kwao, aonwe. Na ikihitajika apewe barua ya kwenda KCMC Moshi. Huko kiko Kituo cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilichofunguliwa mwaka 1992, ambacho kimewafundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Nauli ya basi kwa njia ya Segera, Korogwe na Same ni ndogo sana ukiilinganisha na tiketi ya Uturuki.

Kama mizizi mingine ingali hai, ataona vinyweleo katika miezi 6 hadi 12. Zikirudi, familia imeokoa kiwanja. Zisiporudi, na ngozi imetulia, na hana tabia ya makovu ya kuvimba, basi yeye ni mmoja wa wale ambao upandikizaji huwafaa vizuri, kwani akiba yake ya kisogoni yaelekea ni nzima na sababu ya ugonjwa imekoma. Hapo mazungumzo na kaka wa Maskati yaanze upya. Akipandikizwa kisha akarudia rasta za kubana, zile mpya nazo zitang'oka, na mara ya pili hakutakuwa na akiba ya kutosha.

Kwa mama mwenye binti wa darasa la kwanza tuna neno la mwisho. Mtoto akilia anaposukwa, au usiku akashindwa kulaza kichwa kwenye mto, msuko huo umebana; ufumuliwe siku hiyohiyo, hata kama msusi amekwisha kulipwa. Mistari iwe minene na milegevu, isikae kichwani wiki nyingi, na kati ya msuko mmoja na mwingine nywele zipumzike. Shule inayotaka wasichana wanyoe wala si adui wa nywele zao.